Fomu ya Shule ya Brigitha

Mzee Ephraim hakuwa na mke, hakuwa na gari, hakuwa na mapafu ya kutegemea, wala mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika, isipokuwa Kokugonza, muuguzi aliyetoka kwao Bukoba. Na hakuwa na karatasi hata moja iliyosema kwamba Brigitha ni mwanawe.

Brigitha alikuwa binti wa marehemu mdogo wake, na mama yake naye alishafariki. Kwao, ndugu yako akifa mtoto wake ni wako, na kumwita vingine mbele za watu ni kumtukana. Basi siku ya kumwandikisha katika shule ya serikali pale Smithfield, huko ughaibuni walikohamia, shule ndogo ya madarasa saba, mzee alimkatalia karani aliyetaka kumsaidia kujaza fomu. Kiingereza alikisoma mwenyewe, masomo ya jioni, miaka minne, akitoka kiwandani. Palipoulizwa baba mzazi akaandika jina lake, kwa mwandiko mzuri.

Sasa ilikuwa Agosti 2021. Shule imefungwa kwa korona, watoto wanasomea jikoni, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa. Barua ikaja kutoka shuleni: taarifa za wanafunzi zinahakikiwa upya, tuma nakala ya viza ya mtoto. Viza ilisema yatima, mtoto wa ndugu. Fomu ilisema mwana. Serikali moja, karatasi mbili, sahihi yake kwenye zote.

Akampigia Kokugonza.

"Watanipeleka Villawood, dada. Na mtoto watampa watu wengine."

"Jela ya wahamiaji kwa fomu ya shule? Kaka Ephraim, wewe ukipiga chafya tu unaandika wosia! Kaa kimya. Waambie barua haikufika."

Akakaa kimya siku tatu, kila gari likisimama nje anachungulia dirishani. Siku ya nne mlango ukagongwa. Polisi mmoja, wanajeshi wawili, barakoa usoni.

"Mko wangapi humu ndani sasa?"

"Wawili. Mimi na mtoto."

"Mtoto wako?"

Brigitha, miaka kumi, akachomoza chini ya mkono wake, akajibu kwa Kiingereza bila kupepesa macho: "Ni baba yangu mzazi. Mama yuko kazini, anarudi saa kumi."

Walikuwa wanamtafuta mgonjwa wa nyumba ya pili. Wakaomba radhi, wakaenda zao.

"Nani kakufundisha kusema vile?"

"Nilikusikia kwenye simu na shangazi Koku. Nimekosea, Baba?"

Ephraim akaketi. Wanajeshi wameondoka, hofu imebaki, tena sasa imemwingia mtoto. Kamfufua mama yake ili amfiche yeye.

Akachukua kalamu, akamwandikia mwalimu mkuu: "Mimi si baba yake mzazi. Niliandika hivyo kwa sababu kwetu ndivyo tunavyoishi, si kwa kuficha. Nakala ya viza imo humu. Mkiwa na swali niulizeni mimi, mtoto msimuulize." Mwandiko uliharibika. Hakuandika upya.

"Baba, nilambe gundi ya bahasha?"

"Rudisha ulimi wako ndani! Huoni kuna ugonjwa?"

Akachovya kidole katika chai iliyopoa, akailowesha gundi, akaibana bahasha kwa kiganja. Wakavaa barakoa, wakaenda mpaka sanduku jekundu la posta kwenye kona. Akaishikilia bahasha kwenye tundu, Brigitha akimtazama. Kisha akaiachia, wakaisikia ikianguka.