Viatu vya Najibu

Mwaka mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikafundisha shule ya kambini karibu na Hale. Fundi wa korona, mashine ya kuchakata mkonge, alikuwa Mlebanoni aitwaye Najibu. Angeondoka Jumatatu. Ombi lake lilikuwa moja: acheze na timu yetu kabla hajarudi kwao.

Ujanani, Beiruti, alikuwa mshambuliaji. Alituonyesha picha: vijana wamejipanga, yeye katikati, mpira chini ya mguu. Baba yangu, Bonaventura, aliyeifundisha timu, aliitazama, kisha akalitazama goti bovu la Najibu.

"Bwana Najibu, huyu ni mwanao?"

"Ni mimi. Nipe hata dakika chache."

Jumapili mchezaji wetu mmoja akashikwa na homa. Baba akampa Najibu jezi.

Wageni walitoka Handeni, Wazigua watupu. Sisi wa kambini wengi ni Wanyamwezi, watani wao tangu enzi za mababu. Najibu alikuwa anavaa soksi, viatu vyake vya Beiruti viko pembeni. Mhina, beki wao, akavichukua, akavitundika shingoni.

"Hivi vyangu. Mnyamwezi mweupe huyu kavitoa wapi?"

Watu wakacheka. Najibu akaiva uso, akakunja ngumi. Nilijibana nyuma ya wenzangu. Akipigana, hachezi tena.

Baba akamshika bega. "Muda wote ulioishi hapa, kuna aliyewahi kukuchukulia kitu?"

"Hapana. Hata spana nikiiacha nje, asubuhi naikuta."

"Kwa sababu ulikuwa mgeni. Huyu amekufanyia kama anavyonifanyia mimi, mtani wake."

Najibu alimtazama Mhina. Kisha akavua soksi.

"Nilianza hivi," alisema. "Peku, mchangani."

"Haya, nenda ukajikwae," Mhina akamjibu.

Mechi ilipoanza, Najibu hakufanya lolote kwa muda mrefu. Alichechemea tu, na Mhina akawa anamuuliza kwa upole kama azikwe Hale au Kabuku. Mwishoni Isihaka wetu akapiga mpira juu sana. Najibu hakuutazama. Alikwenda mahali pasipo na mtu, mpira ukamfuata huko. Ulitua juu ya mguu mtupu ukanyamaza. Mhina akaja kwa nguvu zote; Najibu aliinamisha bega tu, Mhina akapita kama mtu aliyeitwa upande mwingine. Sikuona alivyopiga. Niliona wavu, tuliousuka wenyewe kwa mkonge, ukitikisika, ukatulia. Ndipo sauti zikatutoka.

Baadaye Mhina alikuja na viatu, amevipangusa kwa shati lake.

"Shikamoo, mzee. Chukua."

"Marahaba. Kaa navyo," Najibu akasema. "Ukivirudisha, nitakuwa mgeni tena."

Jumatatu alipanda basi la Tanga amevaa kandambili, vidole vimechubuka. Alinipungia mkono dirishani.