Farasi Asiyevuta Kitu

Siku ile mjinga alikuwa Malachy mwenyewe, wala hakuhitaji shahidi: alipiga magoti kwenye tope la Nebraska, amekumbatia kichwa cha farasi jike ambaye alimfunga kamba kwa mikono yake.

"Inuka, Biddy. Inuka, mama. Nimekosa mimi."

Biddy alikuwa mkongwe, jicho moja limeingia ukungu. Kazi yake kwenye tuta la reli ilikuwa kutangulia tu, kengele shingoni, na baghala arobaini waliokokota udongo wakimfuata. Baghala baba yake ni punda, lakini moyo wake uko kwa mama farasi. Nyapara Dolan, aliyefika juzijuzi, hayo hakuyajua. Aliona shayiri inavyokwisha.

"Asiyevuta, hali," alisema. "Jumamosi, risasi."

Ndipo Malachy, aliyechunga baghala kwa miaka sita, akajiona mjanja. Akamfunga Biddy beseni la chuma la kukwangulia udongo, ili Dolan aone kwamba na bibi kizee huvuta. Akavuta, maskini. Hatua ishirini. Kisha miguu ya mbele ikakunjika, na kengele ikanyamaza.

Baghala wa nyuma yake akasimama. Na wa nyuma ya huyo. Mstari mzima ukasimama, masikio wima. Mijeledi ikalia, matusi ya Kiayalandi yakamwagika. Hakuna aliyeinua ukwato.

"Wapigeni!" Dolan alifoka.

"Tumewapiga, bwana nyapara," mchunga mmoja alijibu. "Wanatutazama tu, kama wakwe."

Malachy akakata kamba. Akavua koti, akamfuta Biddy tope puani, taratibu, kama anayemnawisha mtoto. Mfukoni mlikuwa na mkate wake wa mchana, akampa wote. Biddy akatafuna bila haraka, akavuta pumzi, akasimama. Kengele ikalia mara moja, ndogo, na masikio themanini yakaigeukia. Udongo ukaanza kwenda tena.

Dolan hakuridhika. Mkono wake ulikuwa kiunoni, juu ya bastola. "Sawa, wanatembea. Lakini huyu kizee, yeye mwenyewe, anavuta nini? Nani ataniambia?"

Malachy akasimama kati yake na farasi. Jibu likatoka mlangoni pa hema la jikoni, kwa Mama Hanratty, upawa mkononi:

"Na wewe hujavuta hata toroli, Bwana Dolan, na kila asubuhi nakupakulia bakuli mbili."