Karatasi Nyeusi za Mama

Kiharusi kilimnyang'anya mama maneno na mkono wa kulia, kikamwachia macho na ukali wake wote. Zamani alikuwa fundi cherehani kama mimi, tena mwenye mdomo. Mteja akileta kitambaa kibaya, aliambiwa hapohapo mlangoni. Sasa alikuwa mtu wa kitandani, nami nikishona humohumo chumbani ili nisimpoteze machoni.

Kaka yangu tunamwita Meneja, si kwa cheo, bali kwa kupenda kuwapangia watu maisha. Ndiye aliyeleta rangi: vikopo vidogo vya kila namna, brashi na bunda la karatasi. Daktari alimwambia kwamba asiyeweza kusema anaweza kuchora yaliyo moyoni. Meneja akafungua kikopo cheusi, akachovya brashi, akamshikisha mama kwa mkono wa kushoto.

"Haya mama, tuambie."

Mama akachora duara kubwa jeusi, na pembeni yake donge jeusi. Kesho yake vilevile. Kila nilipomsogezea vikopo alichora jeusi juu ya jeusi, huku akiguna na kunikodolea macho. Nikadhani mgongo unamuuma. Nikamgeuza, nikampangia mito upya. Akaguna zaidi.

Meneja alipokuja tena, alizitandaza karatasi zote juu ya shuka, akatikisa kichwa.

"Hili ni shimo, mdogo wangu. Mama yuko gizani. Hapa hana raha."

"Kwa hiyo giza ni mimi?"

"Sijasema hivyo. Ila Jumamosi nakuja kumchukua, akakae kwangu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nilitaka kumwambia hivyo. Lakini karatasi zilikuwa pale mbele yetu, na mimi mwenyewe niliziamini. Namwogesha, namlisha, namsuka nywele, na kumbe mwenzangu anaona shimo! Iliniuma, sitasema uongo. Niliporudi kwenye cherehani nilishona mkono wa blauzi juu chini kwa sababu ya machozi.

Jumamosi asubuhi nilianza kufungasha vitu vyake. Nikachukua kikopo cha manjano nione kama rangi haijakauka. Kifuniko kikagoma. Nikakishika kikopo kwa nguvu, nikazungusha kwa mkono wa pili, ndipo kikaachia. Rangi ilikuwa pomoni, haijaguswa. Na kwenye kifuniko kulikuwa na alama za meno.

Chekundu, alama za meno. Cha kijani, alama za meno. Mama alikuwa na mkono mmoja, na vifuniko vile vilitaka miwili. Alivijaribu kwa meno nikiwa nimeinamia cherehani. Cheusi peke yake ndicho kilichokuwa kimelegea, kwa sababu Meneja alikifungua siku ile ya kwanza.

"Mama jamani! Na mimi nahangaika na mito!"

Akaguna. Guno lile nililijua, lilikuwa lile alilomtolea mteja mwenye kitambaa kibaya.

Nikafungua chekundu na cha kijani, nikamwekea karatasi mpya. Akaisukuma. Akavuta ile ya kwanza kabisa, yenye shimo. Akachovya manjano, akapaka juu ya lile donge, taratibu. Nikaona kilemba changu cha manjano, kile ninachovaa kila siku ya kazi. Akachovya kijani, kitambaa kikateremka kutoka chini ya duara mpaka sakafuni. Duara lilikuwa gurudumu la cherehani yangu. Donge nilikuwa mimi, nimeinama. Karatasi zote zile nilikuwa mimi.

Nikamkumbatia, nikalia bila aibu, na rangi ikanijaa begani.

Meneja akaingia tukiwa hivyo hivyo, katika shati lake la bluu, funguo za gari mkononi.

"Vipi, bado hamjawa tayari?"

Nilimpa karatasi. Akaitazama, akakitazama kilemba changu, akaitazama tena. Nikamwonyesha vile vifuniko. Akapitisha kidole juu ya alama za meno, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama," akasema, "kumbe ulikuwa unatuambia."

Mama akaikagua picha, kisha akamkagua yeye na shati lake. Akapapasa kati ya vikopo, akachukua cha bluu, ambacho sikuwa nimekigusa bado, akamnyooshea.

Meneja akaziweka funguo chini ili apate mikono miwili.