Mstari wa Pili

Ijumaa alasiri nilikuwa nikifagia duka langu la kompyuta hapa Keroka ili nifunge kabla jua halijatua, mara akaingia mwanamke nisiyemjua, amebeba kompyuta mgongoni kwa leso kama mtoto.

"Wewe ndiwe Abner? Jina lako limebandikwa hapa nyuma. Mtoto wako anazimia kila siku."

Nilicheka, kisha nikaitambua kompyuta hiyo. Nilikuwa nimemuuzia mwalimu mmoja wa Mosocho, naye akamuuzia mgeni huyu, Anyiko. Kesho yake saa nne angefundisha Kiswahili mtandaoni, somo la majaribio. Likienda vizuri, angeajiriwa.

"Ilianza lini kuganda?"

"Jumamosi iliyopita. Naandika, mara kishale hakisogei, hata saa imesimama."

Jumamosi hiyo mashine ilikuwa imejisasisha na kuweka kerneli mpya, kile kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vyote. Haikupatana na kadi yake ya picha, ambayo ni ya zamani. Na mimi ndiye niliyepanga sasisho lifanyike Jumamosi. Kila mashine ninayouza naipangia hivyo, nikamweleza, kwa sababu siku ya Sabato hakuna anayegusa kompyuta.

"Hakuna nani?" Anyiko akauliza. "Sisi tunasali Jumapili, ndugu yangu. Jumamosi ni siku ya kutafuta unga."

Nikaiwasha upya, na orodha ya kerneli ilipotokea nikachagua mstari wa pili, kerneli ya zamani. Tukafungua kamera, tukacheza video. Haikuganda. Nilikuwa karibu kuipanga iwe ikichagua mstari huo yenyewe, stima ikapotea Keroka nzima, nayo mashine ikazima, maana haikuwa na betri. Jua lilikuwa limeshagusa vilima, na Sabato ilikuwa inaingia.

"Kesho ukiiwasha, bonyeza mshale wa chini upesi. Ikikusumbua, nipigie."

"Si utakuwa kanisani?"

"Nipigie tu. Nitashika."

Sabato hiyo tulikuwa na wageni kutoka makanisa jirani. Sisi waimbaji wanne tulikuwa tumefanya mazoezi mwezi mzima, na ubeti wa tatu ulikuwa wangu peke yangu.

"Zima simu hiyo," Ochoki, kiongozi wetu, akaninong'oneza.

"Siwezi. Nimeahidi mtu."

Tulikuwa tumeanza ubeti wa kwanza simu ilipotetemeka mfukoni. Ochoki akanikazia macho. Nikatoka kwa mlango wa pembeni.

"Imeganda! Wanafunzi wananingoja!"

"Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Sasa washa. Mshale wa chini."

"Orodha imepita!"

"Zima tena. Pole pole, dada. Safari hii anza kubonyeza mapema."

Ndani, ubeti wa tatu ukafika. Kukawa kimya, kisha nikamsikia Ochoki, mwenye sauti nyembamba kama filimbi, akijaribu besi yangu. Mtu akacheka.

"Nimeupata," Anyiko akasema. "Mstari wa pili. Inafunguka... imefunguka!"

Alisahau kukata simu. Nikiwa bado nimesimama chini ya ukingo wa paa la kanisa, nikamsikia akivuta pumzi.

"Karibuni, wanafunzi. Hamjambo?"

"Hatujambo," nikajibu kwa sauti ndogo, nikakata.