Soko la Nyakayanga Lilivyosogea kwa Salamu

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Melania alitandika magunia yake mawili katika soko la Nyakayanga, mkono wa kushoto wa bucha ya Dismasi, akamimina maharage ya mbegu: ya njano gunia hili, ya madoa gunia lile. Kisha wanawake wa soko wakasalimiana. Kusalimiana kwa Waha si jambo la kupita njia. Unachuchumaa, unapiga makofi polepole, macho chini, unauliza nyumba, watoto, shamba, na yule shangazi wa Kalinzi mwenye kikohozi. Walipoinuka, soko lilikuwa limesogea hatua mia tatu upande wa kambi ya wakimbizi.

"Bucha imehama," Dismasi alisema.

"Naona," Melania akajibu. "Nikatie utumbo nusu kilo."

Upande wa kambi, barabarani, kulikuwa na jiwe lililopakwa chokaa. Mwaka ule wakimbizi wa Burundi walikatazwa kutoka nje ya kilomita nne kutoka kambini, na jiwe ndilo lililokuwa mwisho wa kilomita ya nne. Soko lilikuwa mbele yake, mwendo wa robo saa hivi. Amri nyingine, kwa ajili ya wenyeji, ilisema hakuna kuuza wala kubadilishana kitu nje ya soko.

Kando ya jiwe alisimama Inamahoro na kapu la nyanya kichwani. Miaka miwili mfululizo alikuwa akimpelekea Melania nyanya na kurudi na mbegu za maharage. Sasa kishamba chake nyuma ya kambi kilikuwa kimekwisha kulimwa, nyanya zimeiva, na mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yakipandana juu ya ziwa. Asiyekuwa na mbegu ardhini mvua hiyo ikinyesha angekula unga wa mgawo na watoto wake mpaka mwaka mwingine. Inamahoro akasimama pale mpaka saa sita, akarudi kambini. Jumanne alisimama tena. Aliona paa la bucha, jambo ambalo jana halikuwapo, akalihesabu kuwa ni habari njema.

Jumatano alifika Bwana Urbanus, afisa aliyehamishiwa huku kutoka Mahenge, na kamba ya kupimia.

"Nani amelisogeza soko?"

"Hakuna, Bwana Afisa," Dismasi alisema. "Tulikuwa tunasalimiana."

Urbanus akapima, akaandika. Akausoma waraka wake mara tatu. Ulimkataza mkimbizi kulifuata soko. Kuhusu soko kumfuata mkimbizi haukusema neno. Hata hivyo, Alhamisi alipiga marufuku salamu zote, na marufuku hiyo ilidumu mpaka saa nne, alipofika mama mkwe wa Dismasi. Siku hiyo hiyo choo cha soko nacho kikawafikia wenzake. Kilikuwa kimechelewa kwa sababu ya shimo.

Ijumaa watu walikwisha kuelewa kazi inavyokwenda. Walisalimiana tangu alfajiri. Waliulizana wajomba, ndoto, hali za majembe. Wauza mawese wa Simbo, ambao kwa kawaida husema "mambo" wakapita, walichuchumaa kama watu wazima.

Jumamosi asubuhi zilibaki hatua kumi na mbili, na salamu zikawa zimekwisha. Sauti zimekauka, hakuna mtu ambaye hajaulizwa. Ng'ambo ya jiwe, nyanya za Inamahoro zilikuwa zimeanza kulainika, na maji yake yalimchuruzikia shingoni. Ngurumo ikasikika ziwani.

Melania akatazama huku na huku. Akamwendea Urbanus, akachuchumaa mbele yake, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, baba."

"Nzuri, nzuri."

"Na mama huko Mahenge, anaamkaje?"

Tangu ahamishiwe Kigoma hakuna aliyekuwa amemwuliza hilo. Urbanus akakunja kamba yake.

"Mguu unamsumbua," alisema.

"Mguu upi?"

"Wa kulia." Naye akachuchumaa, maana mguu wa mama hauelezwi ukiwa umesimama. Alieleza mguu, dawa, barua ya mwisho, na kuku waliobaki. Melania alipiga makofi penye kupigwa makofi. Walipoinuka, gunia la maharage ya madoa lilikuwa limeliegemea jiwe.

Inamahoro akaja mpaka vidole vya miguu vikagusa chokaa, akatua kapu.

"Zimelainika kidogo, Mama."

"Za mchuzi hizo," Melania akasema, akamjazia kapu lile lile maharage mpaka pomoni. "Nenda, usinisalimie. Kapande!"

Urbanus aliandika kwamba hali ni ya kawaida. Kisha akaagiza jiwe lipakwe chokaa upya, lionekane vizuri zaidi. Likapakwa.

Mvua ilinyesha Jumapili wakati wa ibada, juu ya mbegu zilizokwisha kufukiwa. Ilipokatika Melania alikuja mpaka kwenye jiwe. Inamahoro alikuwa upande wake, matope mpaka magotini.

"Twende nyumbani ukale samaki, migebuka ya ziwani," Melania alisema.

"Nyumba yako iko wapi?"

"Nyuma ya kilima kile."

Inamahoro akalitazama jiwe. Hakulivuka. Wakachuchumaa, mmoja huku, mwingine kule, wakasalimiana kwa muda mrefu. Walipoinua macho, ncha ya paa la bati ilikuwa imechomoza juu ya kilima.

"Ni ya tofali za kuchoma," Melania akasema. "Itachelewa. Tuendelee. Na nyumba yako wewe, inaendeleaje?"

"Unajua ilichomwa moto, Mama. Hapa tuna turubai."

"Sikuulizi hiyo. Ile utakayojenga."

Inamahoro akafikiri kidogo, kisha akapiga makofi polepole.

"Haijambo," alisema. "Ila mvua zikinyesha mlango unakwama."