Aya ya Nne

Fundi cherehani alisoma aya ya nne, akaiweka kalamu mezani. Karatasi ile, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilikuwa kiapo chake, na ndiyo tegemeo pekee la mdogo wake asifukuzwe kazi. Mdogo wake alikuwa mlinzi wa ghala lililotazamana na duka la huyu dada yake. Mabomba yalikuwa yameibwa mchana, na mwenye ghala akashikilia kwamba mlinzi aliacha lango kati ya saa sita na saa nane. Kikao cha kuamua hatima yake kilikuwa kesho yake asubuhi.

Akamuuliza binti yake, mpigachapa wa wakili aliyeleta kiapo, hilo “aver” ni mdudu gani.

“Ni kusema tu, mama. Kusema kwa suti na tai.”

Fundi akamjibu kwamba neno la kusema alilijua tangu shule, hebu atazame kamusi. Binti akatoa simu, akasoma: ni kutamka kwa uthabiti kuwa jambo ni kweli. Limepitia Kifaransa cha kale, na shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya kweli. Zamani lilimaanisha hata kuthibitisha.

“Basi sisaini,” fundi alisema.

Mdogo mtu akaruka kitini. “Dada, si unajua nilikuwepo? Unanitosa kwa neno moja?”

“Najua ulikuwepo. Lakini hapa imeandikwa nilikuona kwa muda wote wa saa mbili. Saa sita na saa nane nilikuona, ila saa saba nilikuwa chumba cha nyuma napiga pasi, na kule hakuna hata dirisha. Wakinibana kesho, nimekuonea wapi? Ukutani?”

Binti akauliza, basi mama alijuaje kwamba mjomba yuko langoni?

Kwa makelele yake, fundi alisema. Alimsikia saa hiyo ya saba akigombana na dereva wa lori aliyerudi nyuma vibaya, akimwambia leseni yake kaiokota sokoni.

Mlinzi alimtazama dada yake, mdomo wazi. Kumbe alikuwa amemsahau kabisa dereva yule. Dereva huyo huleta mbao ghalani kila wiki, na namba yake ya simu mlinzi alikuwa nayo.

“Mpigie,” dada mtu alisema. “Umwombe radhi kwanza.”

Dereva alinuna kidogo, kisha akakubali kuja kikaoni. Binti akaifuta aya ya nne, akaandika upya: saa sita alimwona, saa saba alimsikia, saa nane alimwona tena. Neno lile akaliacha palepale. Fundi aliisoma mara mbili, akasaini, akarudi kwenye cherehani yake.