Tawi Bichi Njiani

Jua halijachoma bado, Kanyiva alikuwa ameshashusha madumu ya maji kutoka mkokotenini na kumfunga punda wake nje ya uzio. Punda hakuruhusiwa kuingia msituni. Kampuni ya mbao yenye msitu ilisema punda huwaletea farasi magonjwa. Basi wanawake wa kijiji, ambao tangu zamani walikatiza katikati ya miti ya mikau kwenda kisimani, sasa waliuzunguka msitu mzima, na njia yao wakapewa watu wa Nairobi waliokuja Jumamosi kupanda farasi. Mwenye nguvu mpishe. Kanyiva ndiye aliyelipwa kupisha: afungue njia siku za wageni, azifunge siku za kukata miti.

Jumamosi hii kampuni ilitaka yote mawili. Mnunuzi wa mbao alikuwa amemsumbua meneja, Muindi, naye akawaambia wakataji waendelee, na wageni akawaambia karibuni.

"Meneja, leo nifunge ama nifungue?" Kanyiva aliuliza.

"Fungua. Huko wanakata, weka tawi tu."

"Na hao wageni wanajua tawi? Niliomba kibao na utepe mwekundu tangu mwaka jana."

"Bajeti hakuna. Si nyinyi mmezoea tawi? Na kontrakti yako inaisha mwezi huu, Kanyiva. Usinisumbue."

Akageuka kwenda kwa wakataji. Mwanawe Mutiso yuko sekondari, na shule haipokei ukaidi wa mama kama karo.

Mzee Kivuva, aliyekata miti tangu ujana wake, alichagua tawi la mukau lenye majani mengi, wakalilaza kwenye njia ya kushoto. Huku kwetu hakuna asiyeijua alama hiyo. Lori likiharibika, tawi. Mti ukikaribia kuanguka, tawi. Hata mtoto anayechunga mbuzi akilikuta atasimama na kungoja aitwe.

"Sasa wewe rudi langoni, Mama Mutiso," mzee alisema, akiwasha pawa, msumeno wake wa injini. "Mimi niangushe huu."

Wapanda farasi walifika wakicheka, kofia ngumu vichwani. Kanyiva akawapungia mikono yote miwili. "Msipite kushoto! Wanakata miti huko!"

"Asante, mama!" alijibu yule mwanamke wa mbele, kama mtu anayempita muuza karanga, na farasi wakaenda mbio kushoto.

Kanyiva aliwafuata akikimbia. Kabla hajafika, alisikia kishindo cha mti, kisha ukelele.

"Aiya! Mzee Kivuva!"

Mzee alikuwa chini, tawi kubwa la mti ulioanguka limemlalia mguu. Alipoona farasi akitokea alitupa msumeno akakimbia kumzuia, upande ule ule aliojua mti utaangukia. Wakataji walikuwa wakiliinua lile tawi kwa mabega. Mwanamke wa mbele alikuwa ameshuka, uso mweupe kwa woga, akimshika farasi wake aliyechubuka goti.

"Tulidhani lile tawi la njiani mmetuwekea la kuruka," alisema. "Kwa club tunaruka mbao kama hizo. Woiye, pole sana."

Muindi alifika na pikapu. Alitazama goti la farasi kwanza, akamwamuru dereva aende mjini Wote upesi amlete daktari wa mifugo.

"Na mzee?" Kanyiva aliuliza.

"Mwitie boda."

"Mguu umevunjika, atakaa aje kwa boda?"

Muindi akamvuta kando, sauti chini. "Sikia. Toa lile tawi la njiani. Watu wa bima wakija, hapakuwa na alama yoyote. Kivuva alikata mti bila kufunga njia. Umeelewa?"

"Si wewe ulisema tuweke?"

"Tawi si alama. Na kontrakti yako ninayo mimi."

Hasira ilimpanda Kanyiva hadi macho yakamuuma. Bila alama, mzee hangelipwa hata bandeji, na angeitwa mzembe mbele ya watu aliowafundisha kazi. Akaenda, akaliokota tawi. Muindi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kanyiva alilikokota hadi langoni. Akamfungua punda, akamwingiza msituni na mkokoteni wake, katikati kabisa ya njia ya farasi.

"Unafanya nini? Punda haruhusiwi!" Muindi alifoka.

Wakataji walimbeba Kivuva, wakamlaza mkokotenini juu ya magunia. Punda akatoka polepole, akizikanyaga nyayo za farasi.

Nje ya lango Kanyiva alisimama, akalivuta lile tawi, akalilaza katikati ya lango, majani yakielekea barabarani.

"Na kazi yako?" Kivuva aliuliza, meno yameumana.

"Wacha iende, mzee. Twende hosi, ukatibiwe."

Hawakuwa wamefika mbali kwenye njia ya mji wa Sultan Hamud walipopishana na lori la kubeba magogo. Dereva wake, Kyule, alimwona mzee mkokotenini, mguu umefungwa kwa leso ya Kanyiva. Alifika langoni, akaona tawi, akazima injini.

"Ingia!" Muindi alipiga kelele kutoka ndani. "Mnunuzi anangoja! Hiyo ni takataka tu, pitia juu!"

Kyule alichomoa ufunguo, akashuka, akakaa kivulini mwa lori lake.

"Meneja," alisema, "kuna tawi."